Kusi Ikilala, Chelezo Husimama

Kila mwaka, usiku wa kuamkia tarehe 16 Juni, simu yangu hulia saa nane za usiku. Mke wangu hata hageuki kitandani, anajua ni kakake. Shemeji anaishi Nottingham, na saa hiyo kwao ndiyo kwanza saa sita kamili ya usiku. Ameketi kando ya mto Trent kwenye kiti cha kukunja, taa kichwani, chai kwenye themosi, anangoja dakika igeuke. Sheria ya kwao huifunga mito kwa wavuvi wa samaki anaowavua yeye tangu tarehe 15 Machi hadi tarehe 15 Juni, samaki wapate kutaga kwa raha, na anayewavua mtoni kabla ya hapo ana kesi ya kujibu. Dakika ikigeuka naye hutupa. Mimi huku nasikia kwenye simu "tubwi" ndogo sana, halafu kicheko cha mtu wa miaka hamsini na ushei, kicheko cha mtoto aliyepewa kashata.

"Shemeji, nishafungua mwaka. Huko je?"

Huko je! Juni huku kwetu Mombasa ni kusi iliyokomaa. Huanza kujitutumua Aprili pamoja na masika, na kufikia Juni na Julai inavuma kutwa, mabati yanalia, minazi ya Nyali imeinama upande mmoja kama waumini kwenye rukuu. Maji ya Tudor nayo, mvua zikishapita, yana rangi ya chai ya maziwa, maana mito ya Kombeni na Tsalu inamwaga humo tope lote la bara. Asiyejua ataniambia Tudor ni hori, lina kinga. Kinga ya ngalawa, sawa. Kinga ya unyoya, yaani chelezo changu kinachoelea juu ya maji kunionyesha samaki akila, ni jambo jingine. Upepo ukipita juu ya hori huyafinyafinya maji yakawa kama kanga iliyotoka kukamuliwa, na ndani ya mikunjo ile ncha nyekundu yenye urefu wa ukucha haijulikani ikizama wala ikiibuka. Uzi nao hufanya tumbo, ukamburura chambo mahali ambapo samaki mwenye akili zake hamfuati.

Basi jibu langu kila mwaka ni lile lile: kwetu mto bado umefungwa. Nasema mto kwa sababu wazee wa hapa mkono wa bahari unaoingia bara huuita mto, hata kama maji yake ni chumvi tupu. Na aliyeufunga ni upepo, ambao hauna ofisi ya kwenda kubembeleza leseni.

Kwa Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, habari ya tarehe 16 ilikuwa kichekesho. "Samaki wajuaje leo ni tarehe ngapi?" aliniuliza. Yeye mwaka wake hauanzi Januari wala Juni. Ni katika watu wachache waliobaki mtaani kwetu ambao bado wanahesabu miongo, yaani makumi ya siku kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka, ambayo siku hizi huangukia Julai. Mabaharia wa zamani walisafiri kwa hesabu hiyo kwa sababu inafuata jua, na pepo zinafuata jua. Mwezi haufai kwa kazi hiyo, unarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Ukimaliza mwongo wa kumi umefika siku ya mia, na hapo tuko mwishoni mwa Oktoba. Kusi imechoka, kaskazi haijaamka, na katikati yao hupita majuma machache ya upepo mwanana unaoitwa matlai. Bahari inalala. Kwangu mimi hapo ndipo mwaka unapofunguliwa, na hakuna anayenipigia simu.

Niseme mapema kwamba mimi si mvuvi. Nina kazi ya kukaa kitini mchana kutwa, na samaki ninaowavua hawajawahi kuzidi kiganja changu, isipokuwa mmoja nitakayemtaja nikipata nafasi. Ninavua chaa, tafi wadogo, mkizi akikubali, na chuchunge wanaopita juu juu kama sindano. Ni samaki ambao mvuvi wa kweli huwatia kwenye ndoano kubwa wawe chambo. Ninawavua kwa chelezo, kwa ufito wa mwanzi, na ndiyo maana mtaani wengine huniita "mzee wa kutazama".

Mambo yalianza mwaka alipokuja shemeji kwa harusi ya mpwa wake. Wenzake walileta chokoleti na manukato. Yeye alinipa bomba la plastiki lenye vyelezo saba, pakiti ya ndoana namba 16, na kikopo cha risasi zilizo ndogo kama punje za mtama, kila moja ina ufa wa kubania uzi. Sikuwa nimewahi kuona ndoana namba 16. Namba zake zinakwenda kinyume, kadiri inavyozidi kuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo, na hii ilikuwa sawa na koma kwenye gazeti. Dukani ninaponunua vifaa, ndoana ndogo kabisa waliyokuwa nayo ungeweza kutundikia koti.

Akanieleza wanavyovua kule. Samaki wao wa mtoni ni wadogo, rangi ya fedha, mmoja ana jicho jekundu na mapezi mekundu, hawaliwi bali hurudishwa majini. Chambo chao ni funza. Ami alikuwapo barazani siku hiyo, na shemeji hakuwa na busara ya kunyamaza: funza wa nzi, wanafugwa, wanauzwa dukani kwa kipimo cha painti, na watu huwatia kwenye friji wasigeuke nzi kabla ya wakati wake. Ami aliweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Friji hiyo hiyo ya chakula?"

"Hiyo hiyo, Ami. Wake zao hupigana nao."

"Wana haki," akasema Ami, na kikombe kile hakukimaliza.

Kinachomfurahisha shemeji katika chelezo ni hiki: chelezo huning'iniza chambo kwenye kina unachokitaka wewe. Mshipi wa mkono, huu wetu wa chubwi zito, huenda chini ukakaa chini. Chelezo hubeba chambo juu kidogo ya mchanga, kikakipeleka na maji taratibu, kama kitu kilichobanduka kwenye mzizi wa mkoko chenyewe, na samaki mdogo mwenye wasiwasi hukifuata bila kushuku. Risasi unazipanga ili chelezo kizame chote ibaki ncha tu juu ya maji. Kikibaki kirefu juu, chaa atakivuta, atahisi uzito, atatema, nawe hutajua kama alikuja.

Nilielewa kila neno. Jumamosi iliyofuata nikashuka pwani upande wa Tudor, mahali ambapo sitapataja jina, na kwa saa tatu sikupata hata udenda wa samaki.

Kosa langu lilikuwa la hesabu. Shemeji anavua mto unaokwenda upande mmoja, na kina chake cha asubuhi ndicho cha jioni. Akishapima mara moja, amemaliza. Mimi nilikwenda siku ya bamvua, mwezi kumi na tano (yaani siku ya kumi na tano tangu mwezi uandame), maji yakijaa kwa hasira. Bamvua ya Mombasa hupanda zaidi ya mita tatu kutoka maji ya kupwa hadi maji kujaa, na hayapandi sawasawa. Wanaojua hugawa mpando wote mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa mita tatu, saa ya tatu peke yake hupanda sentimita sabini na tano. Yaani kila dakika kumi nilipaswa kukisogeza chelezo juu ya uzi zaidi ya sentimita kumi na mbili, la sivyo chambo kinaachwa kinaning'inia katikati ya maji wakati samaki wako chini wakilamba mchanga. Mimi nilikuwa nimekifunga mahali pamoja na kukitazama kama picha ukutani.

Ami alikuwa ameketi hatua kumi kutoka kwangu na mshipi wake uliozungushwa kwenye kibao. Alikwisha toa samaki wawili, changu. Hakuniambia kitu mpaka tulipokuwa tunapanda ngazi.

"Mwanangu, wewe huvui. Wewe watazama."

Tangu hapo siendi bamvua. Naulizia mwezi. Kuna jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, saa na mita zote zimeandikwa, na ninalo kwenye simu. Lakini Ami hujibu haraka kuliko simu. "Mwezi ngapi leo?" namuuliza, na akisema "mwezi nane" nimejua kila kitu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya Mombasa hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne au tano. Juma moja baadaye ni maji mafu na saa zimegeuka: yanajaa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa ni mita moja na kidogo tu. Wavuvi wengi hawayapendi maji mafu, samaki wanakuwa wazito kusogea. Kwa mwenye chelezo ni neema. Mkondo unatambaa, tope limetua, na kina kinabadilika taratibu kiasi cha kukupa nafasi ya kunywa kahawa.

Halafu kulikuwa na suala la vyelezo vyenyewe. Vile saba vya Uingereza havikumaliza hata msimu mmoja vikiwa kamili: viwili vilibaki kwenye mizizi ya mikoko, kimoja alikikanyaga mwanangu, na kimoja kilikwenda na samaki ambaye sikumwona. Ikanibidi nitengeneze. Hapa Mombasa unyoya hauna shida kupatikana, tuna kunguru kuliko tulivyo na miti. Unyoya mgumu wa bawa la kunguru, ukiukwangua ukabaki bua tupu, unaelea wima vizuri mno. Ukitaka kizito kidogo cha siku ya upepo, unakata kipande cha ndara iliyotupwa pwani (nazo pia hazina shida kupatikana), unakichonga kwa wembe kiwe kama kokwa la tende, unapitisha bua katikati. Ncha nilipaka rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, na binti yangu alipogundua tulikaa siku mbili hatusemezani. Cha kubania unyoya kwenye uzi ni mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli, vipande viwili, juu na chini, ili uweze kusogeza bila kufungua. Risasi nilizipata kwa wenye pancha: zile zinazobanwa kwenye ringi kusawazisha magurudumu. Unazikata vipande kwa koleo.

Kazi hiyo nilifanya Agosti na Septemba, nikiwa barazani, kusi ikinitupia vumbi machoni. Sijui kama shemeji anaijua raha hiyo. Kwake kufungwa kwa mto ni kungojea tarehe. Kwangu ni kusikiliza. Kuna jioni moja unagundua mlango wa jikoni haujajibamiza wenyewe kutwa nzima. Kesho yake unajibamiza tena. Keshokutwa haubamizi. Ami naye anaanza kutoka nje baada ya sala ya alfajiri, anasimama uani, analamba kidole na kukiinua, kisha anaingia ndani bila kusema neno.

Mwaka jana alisema. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Oktoba. "Kusi imelala," akasema. "Na mwezi ni saba. Kesho twende."

Tulishuka saa kumi na mbili na nusu za asubuhi. Njia tuliyoizoea siku hizi imezibwa ukuta na mtu aliyenunua kiwanja, kwa hiyo tunapita uchochoro wa pili, unaopitia penye mfereji wa maji machafu. Nalitaja kwa sababu mtu akisoma makala kama hii anaweza kudhani tunavua peponi. Uchafu wa mji unaingia hori hili, kila mkaazi wa Tudor anaijua harufu yake maji yakipwa. Tunavua juu ya mfereji, upande maji yanakotoka yakijaa, na Ami hanusi kitu, au anajifanya.

Lakini asubuhi ile! Maji yalikuwa kioo. Daraja la Nyali kule mbali lilikuwa na pacha wake kichwa chini. Ami akitazama upande huo lazima asimulie lile la zamani, lililojengwa mwaka 1931, lililokuwa likielea juu ya maboya na kupanda na kushuka na maji. Lilidumu mpaka hili la zege lilipofunguliwa mwaka 1980. "Maji yakijaa wapanda kulifikia, yakipwa washuka," husema. Nikamwambia basi mji mzima ulikuwa unategemea chelezo. Akanitazama. Utani wangu haumchekeshi.

Nikapima kina kwanza. Unabana risasi kubwa kwenye ndoana, unatupa: chelezo kikizama chote, kina ni kikubwa kuliko uzi, kikilala ubavu, uzi umezidi. Kikisimama ncha ikichungulia, umepata. Kilikuwa kama urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Nikamega kamba mbichi kipande cha ukubwa wa punje ya mchele (kamba nusu kilo, Ami huniambia, na utamlisha chaa mmoja mmoja kama kitoto cha ndege), nikatupa. Kabla ya hapo nilikuwa nimetupia maji makombo ya boflo yaliyopondwa na vichwa vya kamba, ngumi moja tu. Hili nalo ni la shemeji, na ni kweli: kidogo, na mara kwa mara. Ukiwamwagia yote kwa pamoja wanashiba kabla hujawafikia.

Wa kwanza alikuwa chaa, na kwa mtu asiyemjua chaa nitaeleza. Ni samaki bapa, mweupe kama kijiko kilichosuguliwa, na mdomo wake unachomoza mbele kama bomba anapolamba mchanga. Anaonja. Hang'ati. Kwenye mshipi wa chubwi humsikii kabisa. Kwenye chelezo ncha inatikisika mara mbili, inatulia muda wa kuvuta pumzi, kisha inaanza kutembea ubavuni bila kuzama. Hapo huhitaji kukutua kama unavyomkutua changu. Unainua ufito kiasi cha kumwinulia mtu pazia apite. Ufito ukapinda, ukatetemeka, nikamwona akimeta chini, naye akaja.

Nikapata sita kwa mfululizo. Wawili walikuwa wadogo mno, nikawarudisha. Hori hili lenye mikoko ndilo kitalu cha samaki tunaokuja kuwanunua wakubwa huko sokoni, na kumtia sufuriani mwenye urefu wa kidole ni kula akiba.

Wa saba alikuwa tafi, na hapo nilifanya ujinga. Tafi hula kwa haraka, ncha inatetemeka mfululizo kama mtu anayebisha hodi asingoje kuitikiwa. Nilijua kabisa ni tafi. Nilijua pia kwamba mgongoni ana miiba kumi na mitatu, chini ana mingine, na yote ina sumu. Lakini nilikuwa na furaha, mkono ukawa mbele ya akili. Nikamshika kama chaa.

Maumivu ya mwiba wa tafi hayaji mara moja. Yanakuja kama deni. Baada ya dakika moja kiganja kilikuwa kinapiga kama moyo, na jasho likanitoka mpaka kwenye masikio. Ami hakuja kunipa pole. Alimpigia mluzi muuza kahawa aliyekuwa anapita juu ya ngazi na dele lake la moto, akashuka, na Ami akamwambia amimine.

"Kahawa, mzee?"

"Kwani una nini kingine? Changanya na maji ya kuoshea vikombe isimbabue. Mimina."

Basi nikaloweka kiganja kwenye kopo la kahawa chungu, moto wa kuvumilika, robo saa na zaidi, mwenye kahawa akiongeza kila ilipopoa. Joto huivunja nguvu sumu ya tafi, ndiyo dawa yake ya kwanza, na maji matupu ya moto yangefaa vilevile bila kunigharimu vikombe vinane. Mkono ulinukia iliki mpaka jioni.

Mkono wa kulia ukiwa kwenye kopo, sikuweza kuushika ufito. Nikamwomba Ami anishikie. Akaupokea kwa shingo upande, akauelekeza majini, na kwa dakika kadhaa hakusema kitu. Chelezo kilitikisika. Kikatembea. Kikazama, kikaibuka. Ami amekaa tu.

"Ami, amekula!"

"Wapi?"

"Pale mbele. Kinatembea."

Akainua, akawa amechelewa. Nikatia chambo kwa mkono mmoja, akatupa tena, na mambo yakawa yale yale. Mara ya tatu nilimtazama yeye, si chelezo. Alikuwa anatazama maji kwa bidii, amekunja uso, lakini alikuwa anatazama mahali pengine kabisa, pima mbili kushoto.

"Ami," nikamuuliza, "wakiona hicho chelezo?"

Akanyamaza muda mrefu. "Mato yangu haya," akasema. "Daktari asema ni mtoto wa jicho. Yote mawili. Naona daraja. Naona wewe umekaa. Ki-unyoya chako hicho sijakiona tangu siku ya kwanza."

Miaka yote aliyonicheka. Nilikuwa nimejenga hoja nzima kichwani juu ya kidole na jicho, nikimwandikia shemeji barua ndefu za simu kwamba wazee wa Mombasa wanadharau chelezo kwa sababu vidole vyao vimezoea mshipi, kidole cha shahada cha Ami kina mfereji kabisa alipopita uzi wa miaka sitini. Na huenda hoja ina ukweli kwa watu wengine. Yeye alikuwa haoni tu.

Nikataka kumuuliza habari za upasuaji, nikaona si mahali pake. Nikakaa karibu naye, begani, mkono kwenye kahawa.

"Basi mimi nitakwambia," nikasema. "Wewe shika."

"Haya. Kiko wapi sasa?"

"Kimesimama. Ncha tu. Maji yanakipeleka pole pole upande wa juu."

"Kikifanya jambo niambie lile lilivyo, usinitafsirie."

"Kimetikisika mara mbili."

"Ngoja."

"Kimetulia. Sasa kinakwenda ubavu, kuelekea Kisauni."

"Chaa huyo." Akainua ufito, hakukutua, aliinua tu kwa kifundo cha mkono, na chaa akaja akimeta. Alimtoa ndoana kwa kupapasa, akamrushia ndooni, akanyoosha kiganja nimpe kipande cha kamba.

Tulivua hivyo mpaka karibu saa nne, maji yalipokaribia kujaa na mkondo ukasimama kabisa. Jambo la ajabu ni kwamba alikuwa anajua kuliko mimi ninayeona. Nilipomwambia chelezo kimeinuka badala ya kuzama, kimelala ubavu juu ya maji kama kimekufa, mimi ningesubiri. Yeye aliinua pale pale, akaniambia ni mkizi aliyeokota chambo na kupanda nacho, akaubeba na uzito wa risasi. Alikuwa mkizi kweli, tukamwona, akaruka mara moja na midomo yake laini ikachanika, akaenda. Ami akasema hasira za mkizi safari hii zimemfaa mwenyewe. Nilipomwambia kimetoweka ghafla na uzi umekatika kama kwa mkasi, akasema bunju, na tushukuru hatukumtoa, maana hana faida ila kaburi. Chaa walifika kumi na mmoja. Nyumbani walitiwa chumvi, ndimu na pilipili, wakakaangwa mpaka miiba ikavunjika mdomoni, tukawala kwa mkate wa mofa na kachumbari ya ukwaju. Yule mmoja mkubwa niliyeahidi kumtaja sijapata nafasi yake.

Lakini kabla ya kupanda, Ami alitaka kutupa mara moja ya mwisho. Kahawa ilikuwa imepoa na mkono wangu ulikuwa umeanza kunirudia.

"Sema," akaniambia.

"Kimesimama... Kinazama."

"Vipi?"

"Pole pole. Kama mtu anayeshuka ngazi gizani."

"Chatetemeka?"

"Hakitetemeki."

"Kaa huyo," akasema Ami. Akavuta taratibu, na kweli, chini ya maji nikaona gando moja limeukumbatia uzi, likaachia lilipoliona jua.

"Kaa," nikasema.

Alikwisha nyoosha kiganja. "Tia kamba mwengine."